Hema si nyumba: tazama Nepal

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu bado wanachangisha miaka miwili baada ya tetemeko, wakati chakula na mahema yalishafika. Chukua Nepal. Tetemeko la 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, liliua watu karibu 9,000 na kubomoa nyumba zaidi ya nusu milioni, nyingi za mawe na udongo huko milimani. Juni mvua kubwa zikaanza, maporomoko yakafunga njia, na kuna vijiji ambako bati na saruji vilipandishwa kwa mgongo wa mtu au nyumbu.

Serikali ilitoa rupia 300,000 kwa kaya, ila kwa awamu tatu, na awamu ya pili hukuipata mpaka msingi ukaguliwe. Sasa bibi mzee ambaye wanawe walikuwa nchi za Ghuba ya Uarabuni au Malaysia kwenye vibarua (na walikuwa wengi mno) huo msingi angeuchimba na nani? Mchango wa mwaka wa pili ndio unaomlipia fundi aliyefunzwa kujenga ukutani mikanda ya kuushikilia usibomoke kwa tetemeko, ukarudisha mbegu na mbuzi waliofukiwa. Mimi ningetoa mchango wa namna hiyo kwanza.