Kampuni yetu ya filamu iliishi miezi kumi na minne

Juzi mdogo wangu mmoja wa Lindi kaniandikia: "Shikamoo dada. Tuko wanne, tuna kamera moja, tunataka kufungua kampuni yetu ya filamu. Tuanzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta nasubiri pantoni ya Msangamkuu. Nikaifunga simu, kwa sababu ulinigusa kwenye kidonda. Leo nakujibu, na wenzako wote wenye ndoto hii wasikie.

Sisi pia tulikuwa wanne. Mimi naandika na kuongoza, mmoja kamera, mmoja anaediti, mmoja anashika hela. Mtaji ulikuwa korosho. Baba alinikabidhi malipo ya msimu mzima, hakuniuliza swali hata moja, na jambo hilo linaniuma kuliko yote. Tulishuti siku kumi na tisa Mikindani, kwenye vichochoro vya nyumba za mawe. Kuna kipande ambapo bibi harusi anamngoja baba yake mvuvi, jua linazama, maji yanajaa. Jenereta tuliificha nyuma ya mtumbwi, tukaifunika magunia yaliyoloweshwa ili mlio usiingie kwenye maiki. Tukarudia mara sita, haikukaa. Mara ya saba binti akalia kweli, maji yalikuwa yamemfika kiunoni na hajui kuogelea. Kameraman hakutikisika. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maji nimeshika kiakisi cha mwanga kwa mikono miwili, nalia pia. Nasema waziwazi: kile kipande ni kizuri, na ni sisi wa Mtwara tuliokitengeneza.

Miezi ya kuediti naiacha, ilikuwa kukatikiwa umeme tu.

Tukapeleka masta, nakala kuu ya filamu, Dar. Msambazaji, jina lake naliacha, akaitazama dakika kumi akasema atainunua jumla, milioni tatu na nusu. Sisi tulikuwa tumetumia nane. Tukasaini karatasi ya ukurasa mmoja inayompa haki zote, bila mwisho. Tulikuwa na njaa, na nauli ya kurudi tulikuwa hatuna. Baadaye nikaikuta filamu yangu stendi ya Mtwara, kava limebadilishwa, jina langu halipo. Nikainunua. Nikalipia kazi yangu mwenyewe.

Kipindi hichohicho ndipo nilipoanza kusoma habari za Frank Capra, mwongozaji wa Marekani aliyekuwa na tuzo tatu za Oscar za uongozaji. Aprili 1945 yeye na mtayarishaji Samuel Briskin walianzisha kampuni yao, Liberty Films, baadaye wakaingia William Wyler na George Stevens. Waongozaji watatu wakubwa, wote wametoka kulitumikia jeshi vitani, wamechoka kuamriwa na studio. Filamu yao ya kwanza, It's a Wonderful Life, ilitoka Desemba 1946. Iligharimu zaidi ya dola milioni 3 na haikurudisha ilichotakiwa kurudisha. Mwaka 1947 kampuni ikauzwa kwa studio kubwa ya Paramount. Filamu mbili tu zilitoka kwa jina lake, ya pili ni State of the Union ya 1948.

Lililonikaa moyoni ni la Wyler. Alikuwa bado na deni la mkataba wa zamani kwa mtayarishaji Samuel Goldwyn, akaenda kumtengenezea The Best Years of Our Lives. Kwenye Oscar, filamu hiyo ikawa filamu bora ya mwaka na Wyler akawa mwongozaji bora, akimpita Capra, mshirika wake mwenyewe, huku filamu ya kampuni yao ikihangaika sokoni.

Nilivyosoma hapo nilikaa chini. Kameraman wetu naye alikuwa na ahadi ya zamani na studio nyingine. Tulipokuwa tunatafuta hela ya filamu ya pili, yeye akaenda kuwashutia, na hiyo ndiyo iliyozungumzwa mjini, vijiweni mpaka saluni. Sikumpigia kumpongeza. Nilikosea, lakini hata leo nikikutana naye Shangani, hapa Mtwara, salamu yangu ni fupi.

Basi sikilizeni, wadogo zangu. Andikeni mkataba kabla hamjagusa kamera. Kila mmoja aseme ana deni gani la kazi kwa nani, liandikwe. Haki ya filamu msiiuze yote, hata mkiwa na njaa, hata kama anayenunua anawaita wanangu. Mpeni muda: miaka miwili, mitatu, irudi. Na hela ya filamu ya pili itengwe kabla ya kwanza kutoka, maana ya kwanza haitailipia. Vijana wa Kusini tuna kipaji, tuna bahari, tuna hadithi za bibi zetu, ila tunaona aibu kudaiana maandishi na rafiki. Acheni aibu hiyo. Urafiki usioandikwa unavunjika kwa laki mbili. Andikeni mkataba, narudia.

Deni la mama aliyetupikia Mikindani, sahani kumi na nne kila mchana, nimelimaliza mwaka jana. Daftari lake alinipa nikae nalo. Mwezi ujao nina safari ya Lindi. Nitakuletea ile karatasi yetu ya ukurasa mmoja uisome mwenyewe, na uje na wenzako wote watatu.