Fundi, nichukue nyepesi au nzito?

Barua ya kwanza, kutoka Lushoto

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa kutembeza wageni hapa Lushoto. Miaka minne nimewatembeza kwa miguu, mwaka huu nataka kuanza na baiskeli. Niliyo nayo haina shokapu ya nyuma, na zile njia za mizizi za Magamba zinanimaliza kiuno. Nimepata mbili za mtumba, bei zinakaribiana. Ya kwanza ni ya 2015, fremu ya kaboni, shokapu za kubonyea milimita 160 mbele na nyuma, tairi inchi 27.5, kilo 13.4. Ya pili ni ya 2020, alumini, 160 mbele na 150 nyuma, tairi inchi 29, kilo 15.6. Zote zina sproketi moja ya mbele, meno 32. Kwa nyuma ya kwanza inaishia meno 42, ya pili 51. Rafiki zangu wote wanasema kaboni, kwa sababu huku kwetu lazima upande milima. Nina urefu wa mita 1.86 na kilo 82. Nichukue ipi?

Marahaba kijana. Chukua nzito.

Kelele za rafiki zako nimezisikia mpaka huku Moshi. Na kuna jambo wamesema kweli: lazima upande. Kule Morzine, Ufaransa, lifti za watelezaji theluji hubeba baiskeli wakati wa kiangazi, kwa hiyo mtu ananunua shokapu ya milimita 170 wala haulizi inapandaje, maana haipandi yeye. Wewe kila mita utakayoshuka utakuwa umeilipia kwa mapaja yako. Kwa hiyo swali lako ni zuri, ila kipimo chenu ndicho kibaya. Mnapima kwa mzani.

Tuhesabu huo mzani basi. Wewe kilo 82, begi na maji tuseme kilo 4. Ukikalia ya kaboni jumla ni kilo 99.4, ukikalia ya alumini ni 101.6. Tofauti ni kama asilimia 2. Kilima cha saa moja kitakuchukua dakika moja na sekunde ishirini zaidi, ukitumia nguvu zilezile. Mgeni wako akisimama kupiga picha ya kinyonga, umeshazirudisha zote.

Sasa nikupe hasara ambayo mzani hauioni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na baiskeli ya kizazi cha hiyo ya 2015, milimita 160, nyepesi, nikiringa nayo. Nikapanda nayo kutoka Mombo. Kwenye lami mambo yalikuwa shwari. Kufika Soni nikaiacha lami nikaingia njia ya mkato ya waenda kwa miguu, ile ya udongo mwekundu. Haikufika mita thelathini, tairi la mbele likaanza kuwa jepesi, usukani ukawa kama umeshikwa na mtu mlevi. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, tairi likanyanyuka kabisa, nami nikalala chali kwenye mtaro mbele ya akina mama wanaouza matunda. Mmoja akaniambia, "Pole baba. Mbona punda wako anakukataa?" Nilinunua kikapu kizima cha plamu ili niondoke na heshima kidogo.

Punda alinikataa kwa sababu ya mahali nilipokuwa nimekaa. Bomba linaloshika siti huwa limelala nyuma kidogo. Kwenye baiskeli nyingi za shokapu ndefu za miaka ile mwinamo wake, ukipimwa kutoka ardhini, ulikuwa kama digrii 73 au 74. Za sasa ni 76, 77, hata 78. Ukiisikia hivyo unaona ni mchezo wa namba, kwa hiyo achana na karatasi, chukua uzi na kokoto. Simamisha baiskeli mahali tambarare, pandisha siti mpaka urefu wako wa kukanyagia (kwa kimo chako nakadiria sentimita 78 kutoka katikati ya krenki, yaani mhimili wa pedali), kisha ninginiza timazi kutoka katikati ya siti. Pima kutoka kwenye uzi mpaka katikati ya krenki. Kwa digrii 73 utapata karibu sentimita 23. Kwa digrii 76.5 utapata 18. Hizo sentimita tano ndizo zilizoniangusha Soni. Mlima unaopanda mita 15 kwa kila mita 100 unailaza baiskeli nyuma digrii nyingine 8 na nusu, na shokapu ya nyuma ikibonyea chini ya uzito wako inalala tena. Ukiwa mbele, tairi la mbele linabaki chini. Ukiwa nyuma, unafanya kazi ya kuvuta usukani badala ya kukanyaga.

Na wewe ni mrefu. Hapa ndipo wauzaji hawasemi. Namba ya mwinamo inayoandikwa imepimwa siti ikiwa kwenye urefu fulani, lakini bomba lenyewe mara nyingi limelala zaidi ya namba hiyo, kwa hiyo kadiri unavyoipandisha siti ndivyo inavyozidi kwenda nyuma. Mtu wa mita 1.65 na wewe mnaweza kununua baiskeli moja mkapata baiskeli mbili tofauti. Ndiyo maana nakuambia timazi, siti ikiwa juu, kwa kipimo chako wewe. Ukiona ya 2020 nayo inakupa zaidi ya sentimita 20, niandikie tena kabla ya kutoa hela.

Ibis, kampuni ya Marekani, mwaka 2018 walitoa Ripmo, jina waliloliunganisha kutoka kwa baiskeli zao mbili, Ripley na Mojo. Milimita 145 nyuma, 160 mbele, mwinamo wa siti digrii 76. Watu walioamini kwamba shokapu ndefu ni adhabu ya kupanda wakaanza kumeza maneno. Sikushauri uitafute, bei yake itakutoa machozi. Nakupa mfano tu kwamba miaka mitatu kati ya 2015 na 2018 ilikuwa mirefu sana kwa fremu, na wewe umesimama katikati ya hizo mbili.

Gia. Ya 2015, meno 32 mbele na 42 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 1.68. Ya 2020, 32 na 51, ingawa tairi lake ni kubwa zaidi, ni kama mita 1.44. Ukifika nayo nyumbani toa ile sproketi ya mbele weka ya meno 30, utapata 1.35. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika utakuwa unakwenda karibu kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi sokoni, huku pumzi ikitosha kumweleza mgeni habari za miti. Ile nyingine kwa kukanyaga huko huko inakulazimisha kilomita 6. Kwenye mlima mkali tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu ashuke akasukume.

Sasa kunesa. Umezoea baiskeli ngumu, siku ya kwanza utadhani hii imelegea. Kila ukikanyaga, mwili unarudi nyuma na fremu inataka kuchuchumaa. Mnyororo nao unavuta gurudumu la nyuma, na kama mafundi waliochora fremu waliweka maungio mahali pazuri, mvuto huo unazuia kule kuchuchumaa. Wengine walifaulu, wengine hawakufaulu, na hilo hulioni kwa macho. Utalipima hivi. Kwenye shokapu ya nyuma kuna kipete cha mpira. Kwanza jaza upepo: vaa begi lako, kaa polepole, shuka bila kuruka, tazama kipete kimesogea wapi. Kama fimbo ya shokapu ina safari ya milimita 55, nataka kipete kisimame kwenye 15 au 16. Kwa kimo chako usizidishe, kila milimita ya ziada inakulaza nyuma. Halafu swichi ya kufunga shokapu iwe wazi, tia gia nyepesi kabisa, kaa kitini ukitulia, kisukume kipete mpaka kiguse mpira wa shokapu, panda mita hamsini kwa kukanyaga sawasawa. Shuka utazame. Kikiwa kimeongezeka milimita mbili tatu kupita pale kilipokuwa ulipokaa tu, hiyo ni fremu ya kupandia. Kikiwa kimekwenda milimita nane, muuzaji akwambie anachotaka, wewe mrudishie baiskeli yake.

Kwa kuwa ni mtumba, ishike siti uinyanyue taratibu huku gurudumu la nyuma likiwa chini. Ukisikia "tok" kabla gurudumu halijapanda, beringi za maungio zimekwisha, au kishikizo cha shokapu. Si mwisho wa dunia, ila punguza bei. Jaribu pia nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe, ipande na kushuka mara kumi. Hiyo ikifa utakuwa unapanda na siti ya chini, na hesabu zangu zote za timazi zinakuwa bure. Na jambo la mwisho dhidi ya ile kaboni: kuanzia 2016 vipimo vya shokapu za nyuma vilibadilika, na kipimo cha haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, nacho kimehamia kwingine. Ya 2015 ikipata shida utaanza kumtafuta mgeni anayekuja na ndege akubebee kifaa, umwombe Mungu asikosee kipimo.

Kama pamoja na haya yote moyo umeshaganda kwenye kaboni, basi sukuma siti mbele kwenye reli zake mpaka mwisho. Utaokoa sentimita moja na nusu, labda mbili. Na usipite Soni mchana, wale akina mama bado wapo.

Barua ya pili, kutoka Nairobi

Fundi, habari yako. Mimi ni dada wa kilo 58. Nimenunua baiskeli ya milimita 170, ninaendesha msitu wa Karura wikendi. Ina swichi ya kufunga shokapu. Wenzangu wananiambia niifunge kila nikipanda, lakini nikifunga kwenye mizizi tairi la nyuma linateleza. Nani ana makosa?

Wenzako, dada. Swichi ni ya lami na ya barabara laini. Kwenye mizizi na mawe iache wazi, kwa sababu shokapu inayofanya kazi ndiyo inayolibandika tairi chini. Ukiifunga, tairi linarukia juu ya mzizi, na wakati liko hewani wewe unakanyaga bure.

Nina wasiwasi mwingine. Wengi wa uzito wako hupewa baiskeli yenye upepo aliouacha mtu wa kilo 80, na shokapu haibonyei kabisa. Fanya ile hesabu ya kipete niliyomwandikia kijana wa Lushoto. Baada ya hapo tazama tairi la nyuma. Baiskeli za 170 huja na tairi zito, meno makubwa, mpira laini unaong'ang'ania njia kama gundi. Mwambie fundi wako akuwekee lenye meno mafupi na ukuta mwembamba kwa nyuma, la mbele aliache. Utapungukiwa na gramu mia tatu hivi mahali ambapo unazisikia.

Na Karura, dada yangu, milimita 120 zilitosha. Lakini kwa kuwa umeshainunua, wikendi moja ipeleke milima ya Ngong ikanyooshe miguu.