Tanuri, na lile bakuli

Mwanangu Mwanahamisi,

Barua yako imefika. Mama yako kaisoma mara mbili, kisha akaniachia mimi jibu. Unauliza: gesi imepanda, uzime tanuri lako la kioo urudi Tanga, au uendelee huko kijijini Toyama, Japani? Nitajibu. Ila kwanza lile bakuli.

Najua, utasema "Baba kaanza tena." Ndiyo, nimeanza. Siku ile nilipokutembelea, theluji ilikuwa imefika madirishani, nawe umevaa fulana tu. Ukaniambia mle tanurini ni zaidi ya nyuzi 1,100, usiku na mchana, maana ukizima, chungu cha kuyeyushia kioo kinapasuka. Nikasema moto huu hauna Ijumaa. Ukacheka. Ukachota kioo kwa ncha ya bomba kama mtu anayechota asali, ukakaa kwenye benchi, ukawa unakizungusha huku unakikanda kwa gazeti lililoloweshwa. Gazeti, juu ya kiganja! Moshi unafuka, mimi nasema Yarabi, mkono wa mwanangu. Ukapuliza kidogo, ukarudisha motoni, ukapuliza tena. Likatoka bakuli jembamba, angavu kama maji ya mtungi.

Ukaliangalia kwenye mwanga. Kiputo kimoja, mfano wa punje ya mtama. Ukaligonga, likaangukia ndoo, likawa linaalika mle kama bisi mpaka likanyamaza. Nilipanda basi, ndege mbili na treni kuja kuona kazi yako, nikaona ukiivunja.

Na wewe ndiye uliyenisimulia ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani! Kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, malighafi hakuna, mafundi wakayeyusha chupa za soda na bia kutoka kambi za Wamarekani, kioo kikajaa viputo, na leo wanunuzi wanavitafuta viputo hivyohivyo. Ukanijibu ile ni kazi yao na hii ni yako.

Mama yako hapa ananikumbusha mlango nilioupasua kuni kwa ufa ambao mwenyewe mteja hakuuona. Sawa. Lakini mbao ni… basi, ni yaleyale. Umenirithi.

Sasa gesi. Nyumba ile kuukuu yenye paa unalolipanda na sepetu mkononi kila theluji ikijaa, peke yako, jirani wako bibi wa miaka themanini na figili zake. Hapa chumba chako kipo. Lakini Tanga tanuri utaliweka wapi, na nani atanunua? Ningekuwa mimi ninge… hapana. Nimeapishwa nisikuamulie. Moto hauna Ijumaa, hilo tu nalisema, na anayeukesha ni wewe, si mimi.

Ila nijibu moja. Ulisema vile vipande vitarudi chunguni. Viliishia kuwa nini? Kama ndicho kikombe ulichonipa siku ya kuondoka, niambie, maana kila asubuhi nakigeuzageuza dirishani natafuta kiputo.

Baba yako