Jibu: Chombo cha maua cha bluu chenye neno "Italy" chini, je, ni cha Bitossi, kiwanda cha vyombo vya udongo cha Italia?

Ndugu, neno "Italy" na namba zilizoandikwa kwa mkono peke yake hazitoshi. Viwanda vingi vya Italia viliandika hivyo kwenye bidhaa za kuuza nje. Angalia mwili wa chombo. Rimini Blu, aina ya vyombo vya bluu aliyoibuni Aldo Londi miaka ya 1950 kwa kiwanda cha Bitossi cha Montelupo Fiorentino, ina michoro iliyogongwa kwa mhuri kwenye udongo mbichi, mmoja mmoja kwa mkono. Pitisha kidole: utahisi mabonde, na nafasi kati ya alama hazilingani sawasawa. Humo rangi ya bluu hujikusanya ikakolea, na hapo ndipo uzuri wake ulipo! Ukikuta kibandiko cha Raymor, mwagizaji wa Marekani aliyeleta vyombo vya Bitossi huko, usikibandue kamwe.

Bitossi bado wanatengeneza Rimini Blu, kwa hiyo bluu pekee si ushahidi wa ukale. Mimi huchanganya vipya na vya zamani bila wasiwasi: vitatu vya urefu tofauti, ukuta mweupe, mbali na ukingo wa meza. Maua mabichi yaweke kwenye glasi ndani yake, maana vyombo vya zamani mara nyingi huvujisha maji.