Kompyuta yangu ya zamani inaganda, nibadilishe nini nibakize nini?

SWALI: Habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani nimekaa nayo miaka kumi na ushee sasa, prosesa ni Intel Core i5-3470, rami GB 4, hadidiski GB 500, na Windows 10. Kuiwasha tu nasubiri dakika tano nzima, nikifungua brauza na Excel kwa pamoja ndo inaganda kabisa. Fundi mmoja kanambia nitupe nikanunue mpya, mwingine anasema nibadilishe madabodi. Hela sina nyingi na roho inaniuma kutupa kitu kizima. Nianzie wapi?

JIBU: Usitupe ndugu yangu, na hiyo madabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, usiiguse kwanza. Prosesa yako ilitoka 2012, sawa, ila ina kore 4 na kwa kuandika, kuperuzi na hesabu za Excel bado inafaa kabisa. Kabla hujanunua chochote fanya hivi: siku ikiganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance uangalie, kama diski inasoma 100% huku prosesa imetulia chini huko, mchawi umeshamjua, na mimi kwa maelezo yako naamini ndiye huyo.

Hadidiski ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotembea juu yake kutafuta data, na Windows inapowaka inaita maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, kila moja kichwa kikimbilie huko kilipo, milisekunde kumi hivi, sa zidisha hapo uone dakika zako tano zinakoenda. SSD, diski ya aina mpya, haina kitu kinachozunguka, inajibu chini ya milisekunde moja. Nunua SSD ya SATA (ndiyo aina ya tundu na waya wa kuunganishia diski) ya inchi 2.5, GB 240 inatosha, chomeka palepale kwenye waya za SATA, na kama tundu zimejaa chukua ya DVD manake siku hizi wengi hawaitumii. Hata kama madabodi yako ina SATA ya kizazi cha pili tu usihofu, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Ile diski ya zamani usiitupe, ibaki ya kuwekea picha na mafaili, ila ipime kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo, ikikuandikia Caution au ukisikia inagongagonga, hamisha vitu vyako upesi na usiiamini tena. Na kabla ya yote haya nakili kazi zako pembeni, tafadhali sana, nimeona watu wakipoteza kazi za miaka kwa haraka ya dakika kumi.

Baada ya hapo ndo rami. Yako ni ya aina ya DDR3, ile mpya zaidi ya DDR4 haiingii hata ukilazimisha, pengo lake liko sehemu nyingine, na ya laptop ni fupi haikai. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha usome stika ya rami uliyonayo, kisha tafuta inayofanana nayo ufikishe GB 8. Rami iliyotumika naikubali, ijaribu tu na Memtest86+, programu ya kupima rami. SSD iliyotumika siikubali, ile inachakaa kadiri inavyoandikwa. Halafu hakikisha Windows yako ni ya biti 64, ya biti 32 haitaitumia hiyo nyongeza.

Kasha, kioo, kibodi, mausi vyote vinabaki. Pawa saplai nayo ibaki, SSD inakula umeme kidogo mno, ila kama mashine inajizima yenyewe au unasikia harufu ya kuungua, badilisha nzima, na usiifungue kamwe, ndani inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa. Ukiwa umeshafungua pangusa vumbi na weka pesti mpya ya kupitisha joto la prosesa. Saa ikirudi nyuma kila ukiwasha ni betri tu, CR2032.

Kuhusu madabodi, nakukataza kwa sababu moja: ukiibadilisha kwa ya kisasa, prosesa ya zamani haikai, rami ya DDR3 haikai, na kama mashine yako ni zile za maofisini zilizokuja zimeundwa tayari, hata kasha na pawa saplai vinaweza kukataa. Hapo unanunua kompyuta nyingine vipandevipande.

Kitu kimoja hujauliza ila lazima nikwambie, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11 maana Intel wanaanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo ukiweka SSD mpya jaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inawaka kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, ina LibreOffice inayofungua mafaili yako ya Excel, ingawa zile zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, zinaweza kusumbua, basi zijaribu kwanza.

Anza na SSD peke yake, itumie wiki nzima. Ikiwa bado inakwama ukifungua vitu vingi, tuandikie kilichoandikwa kwenye ile stika ya rami na una tundu ngapi wazi.