Kupiga na kuhariri picha za upinde wa mvua: maswali ya wasomaji

Saa sita mchana mvua inanyesha na jua linawaka, lakini upinde siuoni. Kwa nini?

Jua liko juu mno. Upinde ni duara linalozunguka kivuli cha kichwa chako kwa pembe ya nyuzi 42, kwa hiyo jua likipanda zaidi ya hapo, duara lote linazama chini ya upeo wa macho. Dar es Salaam, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri pumzika tu. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, usihangaike.

Nimenunua filta ya polaraiza (kioo cha lenzi kinachopitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja), nayo inafuta upinde. Ni mbovu?

Ni nzima kabisa. Mwanga wa upinde ukishageuzwa ndani ya tone la maji, karibu wote hutoka ukitikisika kwa mwelekeo mmoja, kufuata mkunjo wa upinde. Zungusha pete ya filta taratibu huku ukitazama skrini: kuna mahali upinde unapotea, na robo mzunguko kutoka hapo unakolea kuliko macho yanavyouona.

Shida huja na lenzi pana. Kileleni mtikisiko umelala, kwenye miguu umesimama, na filta moja haiwezi kuridhisha pande zote. Ukikoleza kilele, miguu inafifia. Kwa hiyo itumie kwa kipande tu, tuseme mguu mmoja unaotua kilimani, kwa lenzi ya milimita 70 hadi 200. Ukitaka upinde mzima, ivue.

Upinde hauingii wote kwenye simu. Nirudi nyuma?

Ukirudi nyuma, nao unarudi nawe. Ukubwa wake ni pembe, haupungui kwa umbali. Jua likiwa linachwa, mguu hadi mguu ni nyuzi 84, na lenzi kuu ya simu nyingi huchukua takriban 70. Tumia ile lenzi pana ya 0.5, au milimita 16 kwa kamera ya fremu kamili. Usipokuwa nazo, unganisha picha kadhaa: kamera wima, kila picha iingiliane na mwenzake kwa theluthi, mwangaza na fokasi ukiwa umevifunga, na usihame ulipo. Shusha mwangaza kwa 0.7 kwenye kipimo cha EV, maana kamera ikiona wingu jeusi hulifanya la kijivu na rangi zinapauka.

Nikikoleza rangi, mawingu yanapata mabaka ya zambarau.

Unakoleza picha nzima, tena pengine ya JPEG. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Wingu limetumia chache, ukizivuta zinaachana. Piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), weka mizani ya weupe (white balance) kwenye 5,200 hadi 5,500 K, kisha chora maski, yaani eneo pekee litakalohaririwa, kwa brashi laini juu ya upinde peke yake. Humo ongeza kitelezi cha kuondoa ukungu (Dehaze) kwa 10 hadi 15 na rangi isizidi 15. Histogramu (grafu ya mwangaza) ya nyekundu au kijani ikigota ukingoni, umeshapitiliza: upinde unageuka mistari ya bendera. Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, la sivyo rangi zitaonekana zimefubaa kwenye simu za watu.

Upinde wa pili una rangi zilizopinduka, na katikati ya pinde hizo pana giza. Nirekebishe?

Acha hivyo hivyo. Wa pili, kwenye nyuzi 51, hutokana na mwanga uliogonga ndani ya tone mara mbili, ndiyo maana nyekundu iko ndani. Lile giza ni ukanda wa Alexander, na anga iliyo ndani ya upinde wa kwanza huwa angavu zaidi. Wanaobandika pinde za bandia hunaswa hapa.

Na upinde wa mwezi kule Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Victoria)?

Nenda siku za mwezi mpevu, maji yakiwa mengi, Aprili hadi Juni. Tripodi, tundu la lenzi f/2.8, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 1600, shata wazi sekunde 15 hadi 30. Weka fokasi kwa mkono ukilenga mwezi wenyewe, ndipo ugeukie maporomoko. Macho yataona utepe mweupe. Rangi zitajitokeza kwenye skrini. Beba vitambaa vikavu vya kutosha, kwani manyunyu huilowesha lenzi hata kabla picha moja haijaisha.