Re: Wakala anataka pesa kabla ya kunipeleka timu ya nje

Salamu mkuu. Kama nimekuelewa, una miaka 20, kuna klabu ya mpira wa kikapu ya nje inakutaka, na wakala anasema hatatuma mkataba mpaka umlipe "gharama za usajili". Usimpe hata senti. Wakala hula kwenye mkataba uliokwisha kusainiwa, si kabla.

Kwanza tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu; iko wazi kwenye tovuti yao. Kama hayumo, mazungumzo yameishia hapo.

La pili ni kibali cha uhamisho, kinachotolewa na shirikisho la nchi unakocheza sasa. Klabu yako ikikutisha kwamba itakizuia, angalia tarehe ya mwisho ya mkataba wako. Ukiwa umeisha, hawana hoja.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Msimu wangu wa kwanza nje nilicheza miezi miwili bila mshahara, na kila nikiuliza naambiwa "wiki ijayo". Nilipoufungua mkataba nikakuta hauna kipengele cha usuluhishi. Bila maandishi ya kuikubali Mahakama ya Usuluhishi ya Mpira wa Kikapu, BAT, yenye makao Geneva, hiyo mahakama haikusikilizi. Ni aya moja tu, lakini idai kabla ya kusaini.

Soma pia kipengele cha vipimo vya afya: ukifeli, nani anakulipia tiketi ya kurudi?

Kuhusu kiwango cha mshahara siwezi kukushauri bila kuuona mkataba wenyewe. Ukiupata, bandika vipengele hapa, ila futa majina.